Magongo ya kwapani: kabla hujalipa, shika mpini, pindua mpira

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo nipo uani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, na haya ndiyo magongo niliyotembelea wiki nane nilipovunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda. Ni ya alumini, mepesi sana. Ya mbao yanadumu, ila ukienda nayo sokoni Majengo na kurudi, mikono inakufa. Urefu unarekebishwa huku chini: bonyeza kitufe, vuta, likilia "ta!" limeshika.

Nilikabidhiwa bila kupimwa. Nikayaegemea kwa makwapa, nikidhani hii sponji ya juu ndiyo inayobeba uzito. Siku ya nne vidole vya mkono wa kulia vikaingia ganzi. Jamani, kwapani pana mshipa wa fahamu unaoshuka hadi mkononi; ukiubana muda mrefu, kiganja kinaweza kulegea kikashindwa kuinuka. Uzito ni wa viganja! Sponji unaibana ubavuni tu. Simama wima na viatu vyako, kati ya kwapa na sponji vipite vidole viwili au vitatu. Mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiuachia uning'inie, ili ukiushika kiwiko kikunjike kidogo. Na nati za mpini zinalegea, zikaze kila asubuhi.

Mdogo wangu, sogeza kamera hapa. Mnauona huu mpira wa chini, unaokanyaga ardhi? Ulikuwa na mistari kama tairi. Sasa umelika upande mmoja, chuma kinachungulia. Mchanga wa kwetu unausaga kama msasa. Vumbini hutagundua, ila ukikanyaga vigae vyenye maji, umekwenda. Ukilika, badilisha siku hiyohiyo.

Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, yanatangulia magongo na mguu mbovu. Ukiruhusiwa kubaki na gongo moja, lishike upande wa mguu mzima. Wengi tunakosea hapo.

Kwangu mimi ni magongo mazuri, nayapendekeza. Siku niliyoshusha sponji na kupandisha mpini, nilitoka getini mpaka kwa mama wa vitumbua, nikarudi bila kusimama njiani. Sasa kijana wa jirani ameumia goti, anayasubiri. Mipira mipya nimeshanunua, na jioni hii naenda kumpimia mwenyewe.