Seti ya cheni na sproketi ya 428H: boksi lisilo na jina, Rolon, au DID?

Kariakoo, na vivyo hivyo Kirinyaga Road kwa watu wa Nairobi, seti ya cheni ya pikipiki za bodaboda huuzwa vipande vitatu ndani ya boksi moja: cheni, sproketi ndogo ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma, pamoja na loki yake, yaani pingili inayounganisha ncha mbili za cheni. Muuzaji hukimbilia kukunjua cheni juu ya kaunta. Cheni mpya zote zinang'aa, hiyo haikuambii kitu. Omba sproketi ndogo na loki vitolewe kwenye nailoni, maana hapo ndipo seti nzuri inapoachana na seti mbovu.

Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Tairi likizunguka mara moja, sproketi ndogo imezunguka mara tatu, kwa hiyo kila jino la mbele linabeba cheni mara tatu ya jino la nyuma. Ndiyo sababu sproketi ndogo huchongoka mapema, na ikishachongoka inakula cheni mpya kwa kasi ile ile. Beba tupa ndogo mfukoni. Ipitishe kwenye ubavu wa jino: ikiteleza kama iko juu ya kioo, meno yametiwa matiko, ikishika na kuacha unga wa chuma, rudisha boksi. Sproketi nyingi zilizochomwa vizuri zina mkanda wa rangi ya bluu au kahawia kwenye meno, ila rangi nayo inaweza kupakwa. Tupa haidanganyiki.

Kisha soma maandishi. Cheni ya 428 ina hatua ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini na upana wa ndani wa milimita 7.94. Cheni ya 420 ina hatua ile ile ya 12.7 lakini upana wa ndani ni 6.35, na rola zake ni nyembamba zaidi. Ndiyo maana sproketi ya 420 huingia kwenye cheni ya 428 bila kelele dukani, halafu barabarani inacheza pembeni na kuumaliza mnyororo mzima. Herufi H inamaanisha vibati vya pembeni ni vinene zaidi. Kwa abiria wawili na gunia, usinunue isiyo na H. Idadi ya meno na pingili usiikariri kwa jina la pikipiki, hesabu kwenye ile ya zamani. Pingili ziwe namba shufwa. Anayekuuzia nusu pingili ili urefu utoshe anakuuzia mahali pa kukatikia.

Sasa washindani wenyewe. Boksi lisilo na jina, au lenye jina linalofanana mno na la kampuni kubwa, lina kasoro zinazojirudia: meno laini, tundu la katikati la sproketi ndogo lililolegea kwenye shafti, na klipu ya loki inayopinda kwa kidole. Linafaa pikipiki unayoisogeza shambani, si ya biashara.

Rolon, inayotengenezwa na LGB ya Coimbatore, India, ndiyo chaguo langu kwa bodaboda. Ni seti kamili na meno yake yanapita mtihani wa tupa. Kwa kuwa inapendwa, inaigwa, kwa hiyo angalia chapa iliyogongwa kwenye pingili zenyewe, si kwenye boksi tu. Grisi ya kiwandani iliyonata kwenye cheni usiioshe. Ndiyo iliyoingia ndani ya pini, na huwezi kuirudisha kwa kupaka juu.

DID ya Japani, zile zenye vipete vya raba kwenye kila pini, zinadumu kuliko zote hapa, lakini sizipendekezi kwa kila mtu. Mara nyingi unanunua cheni peke yake na kutafuta sproketi pembeni. Ni pana zaidi, inaweza kusugua kava la cheni, na kibati cha loki yake hakiingii kwa mkono, kinahitaji kubanwa sawasawa. Anayeiosha kwa petroli anaharibu raba; tumia mafuta ya taa.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha ya zamani imeisha kweli. Ivute ikaze, pima pini 21, yaani hatua 20. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, badilisha. Kama huna rula, ishike nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Na usibadilishe cheni peke yake kwa kubana matumizi.

Kuifunga nyumbani ni kazi ya asubuhi moja, na kosa la kwanza ni la mpangilio: watu hutoa cheni kwanza, halafu sproketi ndogo inazunguka ovyo wakitaka kulegeza bolti. Fungua kava la upande wa gia, kwangua tope, weka gia ya kwanza, mwenzako akanyage breki ya nyuma, kisha legeza zile bolti mbili ndogo za kibati kinachoishika sproketi. Hapo ndipo uweke frii, usimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, utoe klipu ya loki kwa plaizi na kuvua cheni.

Nyuma, legeza waya au fimbo ya breki, fungua mkono unaoshikilia sahani ya breki, kisha nati ya ekseli. Kwenye pikipiki nyingi za Kihindi kuna nati mbili upande wa cheni: ya nje ya ekseli, na kubwa zaidi inayoshika kikombe cha sproketi. Ringi likitoka, tazama raba zilizo ndani ya hab, kitovu cha ringi. Zikiwa zimelegea, sproketi inatikisika mbele na nyuma, na kila ukiachia mafuta cheni inapigwa mshtuko. Raba hizo ni bei ndogo, na watu wengi wanaolalamika kuwa seti mpya haikudumu waliziacha. Bolti za sproketi kubwa kaza kwa mtindo wa msalaba, na vibati vya kufungia vikunje upya. Vilivyokwisha kunjwa mara mbili hukatika.

Loki ifungie juu ya sproketi kubwa, meno yenyewe yanakushikia ncha mbili. Upande wa klipu uliofungika uelekee cheni inakokwenda, na uliopasuka ubaki nyuma. Juu cheni inaenda mbele, chini inarudi nyuma, kwa hiyo fikiria kabla ya kubana. Klipu iliyogeuzwa ikiguswa na jiwe inatoka, cheni inajikusanya kwenye sproketi ndogo na inaweza kupasua kava la injini.

Kubana kupita kiasi kunaharibu zaidi kuliko kulegeza kidogo. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Stika au kitabu kikisema tofauti, kifuate. Zungusha tairi na upime sehemu tatu au nne, kisha bana kwa kuzingatia sehemu iliyokaza kuliko zote. Abiria akikaa cheni hukaza, na kama ulikuwa umeivuta kama gitaa, mzigo unaangukia beringi ya shafti ya sproketi ndogo; utaanza kuona oili ikivuja pale na kudhani ni sili tu. Alama za swingamu, ule uma unaoshika tairi la nyuma, usiziamini sana kwa pikipiki iliyowahi kuanguka. Pima kwa kamba kutoka bolti ya swingamu hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili.

Kabla ya kuwasha, rudi kwenye ule mkono wa sahani ya breki. Nati yake ikaze na pini yake yenye ncha mbili za kukunja iwepo. Ukiusahau, breki ya kwanza utakayokanyaga inazungusha sahani nzima na tairi linajifunga. Rekebisha breki na swichi ya taa ya nyuma, maana ekseli imesogea.

Angalia ukazo tena baada ya kilomita 300 hivi. Kilainishi kizuri ni oili ya gia ya 90, cheni ikiwa ya moto, upande wa ndani wa chini, kisha futa ya ziada. Kila kilomita 500 na kila baada ya mvua. Oili chafu ya injini usiipake, ina mchanga wa chuma ndani yake. Na ukiwa bado dukani, nunua loki moja ya akiba ya chapa ile ile, kwa sababu pini za chapa tofauti wakati mwingine hazilingani, uifunge kwenye kitambaa chini ya kiti pamoja na plaizi.