Nilipima vitamini, B12 ikavuka kiwango: uzoefu wangu na kifurushi cha maabara

Siku hizi maabara binafsi nyingi hapa Dar es Salaam zinauza kifurushi cha kupima vitamini. Nimekitumia, na naandika kukihusu kwa sababu naona watu wanavyopokea majibu yenye herufi H pembeni (yaani namba iko juu ya kiwango) wakabaki na hofu, hawajui waanzie wapi. Kifurushi changu kilikuwa na vitamini D, B12, folati na madini ya chuma. Jina la maabara sitalitaja.

Kwenye utoaji damu sina neno. Foleni fupi, chumba kisafi, dada aliyenichoma aliupata mshipa mara ya kwanza, na kesho yake majibu yakaingia kwenye simu. Bei imepanda kidogo ukilinganisha na kupima hospitalini, ila kwa ile haraka yao niliona sawa.

Kasoro yao ni moja, na kwangu ni kubwa: hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani. Fomu ilitaka jina, umri, namba ya simu na namna ya kulipa, basi. B12 yangu ikarudi zaidi ya 2,000, na kiwango walichochapa pembeni ni 200 hadi 900 pikogramu kwa mililita. Imewekwa H nyekundu, bila hata sentensi moja ya maelezo. Nilipopiga simu nikaambiwa nimwone daktari.

Daktari niliyemwendea, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hakuigusa ile karatasi kwanza. Aliniuliza: "Mwanangu, umechomwa sindano yoyote miezi hii? Na vidonge unavyokunywa ni vipi, hata vile vya nywele?" Nilikuwa nimechomwa sindano za vitamini B kwa ajili ya ganzi ya miguu, zile zinazotolewa sana kwenye maduka ya dawa. Kwa upande wa B12 maswali yakaishia hapo. Mtu mzima anahitaji takribani maikrogramu 2.4 kwa siku, na sindano moja ya namna ile mara nyingi hubeba maikrogramu 1,000. Damu haiwezi kuficha kiasi hicho, na inaweza kukaa juu kwa wiki nyingi baada ya sindano ya mwisho. Ziada hutoka na mkojo, nyingine ini huihifadhi, na wataalamu hawajaiwekea B12 kikomo cha juu kwa kuwa madhara ya wingi wake hayajathibitika.

Kilichomshughulisha daktari ni mwenzake anayekuwa ndani ya sindano hiyo hiyo, yaani B6. Kifurushi hakikuipima kabisa. Nyingi ya sindano hizo zina miligramu 100 za B6, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka 2023 iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima anayeitumia kila siku. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na dalili yake ya mwanzo ni ganzi na kuwakawaka kwenye vidole vya miguu na mikono. Fikirieni hapo: mtu ana ganzi, anachomwa B6, ganzi haiondoki, anarudi kuchomwa tena. Jambo hili linaniuma, maana najua akina mama wengi mtaani kwetu wamo kwenye mzunguko huo, na hakuna aliyewapima hata sukari. Mimi niliambiwa nisimamishe sindano na nipime sukari, ambayo ndiyo sababu kubwa ya ganzi kwa watu wengi.

Shemeji yangu, mume wa dada, alipima kifurushi kile kile. Yeye hachomwi sindano wala hanywi vidonge vya vitamini. B12 yake ilikuwa 1,400, chini ya yangu, lakini daktari aliitazama kwa uzito kuliko yangu. Akatueleza kwamba ghala la B12 mwilini ni ini. Seli za ini zikiumia, akiba huvuja kuingia kwenye damu. Figo zikichoka pia inaweza kupanda. Na zipo saratani za damu, mfano ile sugu ya seli nyeupe, ambazo huongeza protini inayoibeba B12, kwa hiyo namba inapaa. Kuna wakati pia kingamwili za mtu huishikilia B12 na mashine ikasoma juu bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana hakumtamkia ugonjwa kwa namba hiyo peke yake. Aliagiza vipimo vya ini na figo, picha kamili ya damu, na homa ya ini. Ikaonekana ana homa ya ini B, ambayo hakuwahi kuihisi hata siku moja. Sasa anahudhuria kliniki, na dada na watoto nao wamepimwa.

Kuhusu vitamini D, yangu ilikuwa sawa, ila kaka yangu aliyeko Muscat alinitumia majibu yake akiwa na wasiwasi: 210. Kule watu wengi huandikiwa vidonge vya uniti 50,000 vya kunywa mara moja kwa wiki. Nilimwambia aangalie kipimo kilichoandikwa mbele ya namba. Ilikuwa nanomoli kwa lita. Ukigawanya kwa 2.5 unapata 84 nanogramu kwa mililita, na maabara nyingi huhesabu hadi 100 kuwa haina shida. Hatari ya sumu ya vitamini D huzungumzwa inapopita nanogramu 150 kwa mililita, na kinachodhuru hasa ni kalsiamu kupanda kwenye damu: kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, na mawe kwenye figo. Kwa hiyo D ikiwa juu mno, omba kalsiamu ipimwe pamoja nayo.

Na vile vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, ambayo ni aina ya vitamini B, ya maikrogramu 5,000 hadi 10,000, ilhali mwili unatosheka na 30 hivi. Biotini huvuruga baadhi ya mashine za maabara, ikazifanya zionyeshe B12, vitamini D au homoni za tezi ya shingoni juu kuliko zilivyo, na vipimo vingine chini. Daktari alisema niviache siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu. Maabara inayolipisha pesa ile ilipaswa kuniambia hivyo siku ninapoweka miadi.

Nikipima tena nitarudi pale pale kwa sababu ya usafi na haraka yao, lakini sitanunua kifurushi kizima. Nitaandikiwa na daktari kipimo kimoja au viwili ninavyovihitaji, na kwenye fomu, hata kama hawaulizi, nitaandika kwa mkono juu ya karatasi: sindano, vidonge, na tarehe ya mwisho nilipovitumia.