Fimbo ya Bei Nafuu ya Kuvulia Maski kwa Chambo Hai Wakati wa Baridi

Kuanzia katikati ya Oktoba, maji ya maziwa ya Wisconsin na Minnesota, majimbo ya kaskazini mwa Marekani, hupoa hadi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na maski, samaki mkubwa wa jamii ya paiki anayeweza kuzidi urefu wa futi 4, huwa mzito wa kukimbiza chambo bandia kinachopita kwa kasi. Ndipo wavuvi wengi humwekea saka aliye hai, yaani samaki wa midomo minene mwenye urefu wa inchi 12 hadi 18, anayeuzwa katika maduka ya chambo na kuburutwa polepole kando ya mashua mpaka barafu itakapofunga ziwa.

Mnunuzi anayetafuta fimbo kwa ajili ya uvuvi huu ana bahati, kwa sababu hapa fimbo ya bei ya chini mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko ile ya bei kubwa. Sehemu kubwa ya pesa zinazolipwa kwa fimbo ghali za grafaiti, yaani nyuzi nyepesi za kaboni, hununua wepesi, na wepesi una faida kwa mtu anayerusha chambo kizito kutwa nzima, lakini fimbo ya saka hukaa kwenye kishikilio ikisubiri. Kinachotakiwa ni ncha laini itakayomwacha saka aogelee bila ndoana kumchana, pamoja na sehemu ya chini iliyo ngumu ya kutosha kuzamisha ndoana katika taya la mfupa. Urefu wa futi 7 hadi 7 na nusu unatosha kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa Ugly Stik ya kampuni ya Shakespeare, katika aina zake nzito kama Tiger na Catfish, ambazo kwa kawaida hupatikana kwa chini ya dola 100. Fimbo za jina hili zimekuwa sokoni tangu 1976, na sifa yake ni faibaglasi, ambayo hupinda taratibu na kuvumilia kugongwa kwenye ukingo wa mashua, jambo linaloweza kuitia grafaiti ufa usioonekana. Kwa baridi, tazama pia pete za kupitishia uzi. Uzi wa kusukwa hubeba maji, maji hayo huganda ndani ya pete, na pete ya nchani, iliyo ndogo kuliko zote, ndiyo huziba kwanza. Mvuvi mwenye haraka huivunja barafu kwa koleo, na pete yenye kigae cha ndani hupoteza kigae hicho, kisha ukingo uliobaki huukata uzi. Kwa hiyo chagua fimbo yenye pete pana, na ikiwezekana za chuma kitupu. Barafu yenyewe haihitaji koleo: chovya ncha ziwani kwa muda mfupi nayo itayeyuka, kwa kuwa maji ya ziwa bado yana joto kuliko hewa.

Ya pili ni Mojo Musky ya St. Croix, kampuni ya Park Falls huko huko kaskazini mwa Wisconsin. Bei yake ni kubwa zaidi, na ninaipendekeza tu kwa mtu anayetaka fimbo moja ya kurushia chambo bandia wakati wa kiangazi na kuburuta saka wakati wa baridi. Compre ya Shimano iliyotengenezwa kwa ajili ya maski naiweka ya tatu kwa hoja hiyo hiyo. Fimbo za futi 9 zenye ncha ngumu, zinazotengenezwa kwa chambo kikubwa cha mpira, ziache dukani hata kama zimepunguzwa bei.

Ugumu wa sehemu ya chini nausisitiza kwa ajili ya samaki mwenyewe. Zamani wavuvi walimsubiri maski ammeze saka, na ndoana iliyofika tumboni iliwaua wengi hata baada ya kuachiliwa. Siku hizi saka hufungwa ndoana mbili za matawi matatu ubavuni, na mvuvi anavuta mara tu maski anapomdaka: anaelekeza ncha kwa samaki, anakusanya uzi uliolegea, kisha anavuta kwa nguvu upande ulio kinyume na anakoelekea maski. Fimbo iliyo laini hadi mpinini haiwezi kufanya hivyo. Pesa utakazookoa zipeleke kwenye wavu mkubwa, uzi unaohimili pauni 80 na mkasi wa kukatia ndoana. Kumbuka pia kwamba kwenye maji yasiyo na barafu Minnesota humruhusu kila mvuvi mshipi mmoja tu, ilhali Wisconsin huruhusu mitatu, hivyo anayevua Minnesota hana haja ya kununua fimbo ya pili.

Kabla ya kulipa, pitisha uzi kwenye pete zote, ufunge kitu cha nusu kilo, ambao ni takribani uzito wa saka wa wastani, kisha uinue polepole: theluthi ya juu ipinde na sehemu iliyobaki ibaki imenyooka. Vaa glavu zako nene uone kama bado unaishika vizuri penye rili, yaani gurudumu la kukunjia uzi, na uhakikishe kwamba mpini ulio nyuma ya rili ni mrefu wa kuingia vyema kwenye kishikilio cha mashua yako.