Viza ya Schengen ya muda mfupi: nimeipa nyota 4

Wanaoniuliza kama viza ya Schengen, yaani viza moja ya kutembelea kundi la nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka kati yao, inastahili ada yake nawajibu ndiyo, hasa kwa anayetaka kufika zaidi ya nchi moja. Tangu Juni 2024 mtu mzima analipa euro 90, na mtoto wa miaka 6 ambaye hajafika 12 euro 45. Kituo cha kupokea maombi kinaongeza ada yake. Ukinyimwa, pesa hairudi, na hilo linaniuma kwa niaba ya wenye maduka madogo kama langu hapa Arusha.

Niliomba Ujerumani kwa sababu binti yangu na mumewe wanaishi Aachen, na siku nyingi ningelala kwao. Kanuni ndiyo hiyo: unaomba nchi utakayokaa zaidi, si ile inayosifiwa mitaani kuwa haina usumbufu. Mkwe wangu alikwenda ofisi ya wageni ya huko akasaini hati ya kunidhamini. Mimi nikapeleka leseni ya biashara, taarifa ya benki na bima ya safari ya euro 30,000. Kilichonichosha ni kupata miadi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo wahi.

Utamu wake niliuonja Vaals, Uholanzi, tulikofika kwa basi la kawaida kutoka Aachen. Juu ya kilima kuna jiwe zinapokutana Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji, na watoto wanalizunguka mbio wakivuka nchi tatu. Mimi hufuata bidhaa Nairobi kupitia Namanga, foleni na muhuri nimevizoea. Pale sikuona hata kibanda cha askari. Baadaye tulikwenda Brussels na Paris kwa treni, kwa stika ileile ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Nchi za Schengen sasa ni 29, tangu Romania na Bulgaria zilipoingia kikamilifu Januari 2025.

Hata hivyo tembea na pasipoti. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na tukirudi polisi walipanda treni, wakaitazama stika yangu, wakanirudishia kwa adabu.

Stika yenyewe isome vizuri. Tarehe ya mwisho ya kuitumia ni kitu kimoja, idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa ni kingine, na hiyo idadi ndiyo inayokubana. Haizidi siku 90 ndani ya siku 180 zozote.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu viza niliyopewa ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Dada yangu wa Leicester alitamani nimpitie, lakini Uingereza haimo: inataka viza yake, na nikishatoka nisingeweza kurudi Aachen. Mwenye ndugu pande zote mbili aombe kuingia mara nyingi tangu kwenye fomu, aeleze sababu, na kama ana viza ya Uingereza aiambatishe.