OpendTect ya bure: inakufikisha wapi chini ya Ziwa Albert

Nyota nne kati ya tano, na ile moja inayokosekana tutaifikia. OpendTect ni programu ya kufasiri data za sesimiki, yaani mwangwi wa mitetemo unaorudi kutoka matabaka ya chini ya ardhi. Inatengenezwa na dGB Earth Sciences ya Uholanzi. Toleo la msingi halilipiwi, msimbo wake uko wazi, na linakubali Windows, Linux na Mac. Kwa mwanafunzi wa chuo cha petroli cha Kigumba au wa Makerere, au mwanajiolojia kijana wa Hoima asiye na leseni ya kampuni, sioni pa kuanzia pengine.

Data za Ziwa Albert, penye mafuta ya Uganda, hazipakuliwi mtandaoni kama nyimbo, kwa hiyo mazoezi hufanywa kwa F3, kitalu cha Bahari ya Kaskazini upande wa Uholanzi: kama kilomita 24 kwa 16, pamoja na visima vinne. Kuna mistari 651 upande mmoja na 951 upande wa pili, sampuli kila milisekunde 4. Ukiihifadhi kwa biti 32, mchemraba mmoja (yaani data zote za kitalu kwa pande tatu) unakula takriban GB 1.15; biti 16 ni nusu yake, na kwa kuchora matabaka tu biti 16 zinatosha. RAM ya GB 16 na kadi halisi ya picha ndiyo mahitaji ya kweli. Kwenye laptopu isiyo na kadi, kuzungusha mchemraba ni adhabu.

Kuingiza faili la SEG-Y, muundo wa kawaida wa data za sesimiki, ndiko wengi wanakokwama. Programu inataka kujua namba ya mstari iko baiti ipi. Kawaida ni 189 na 193, na koordineti ziko 181 na 185, lakini faili za zamani hazifuati kawaida, basi fungua vichwa vya trasi (maelezo yaliyo mwanzoni mwa kila rekodi ya mwangwi) usome kabla ya kubonyeza. Angalia pia kizidishi cha koordineti kwenye baiti ya 71. Ukikipuuza, eneo lako linaweza kuvimba mara mia. Kwa Uganda kuna mtego mwingine: ramani za zamani ziko kwenye mfumo wa koordineti wa Arc 1960, GPS inatoa mfumo wa WGS84, na tofauti kuelekea kaskazini ni karibu mita 300. Kisima kikikaa upande usio wake wa ufa, shuku hilo kwanza.

Mtego mkubwa zaidi ni kimo cha marejeo, yaani usawa unaohesabiwa kuwa sifuri. F3 iko baharini, kwa hiyo sifuri inafaa, na anayejifunzia hapo huzoea kuiacha sifuri. Uso wa Ziwa Albert uko mita 620 hivi juu ya bahari. Ikiwa data zilichakatwa kwa kuanzia usawa wa ziwa nawe ukaacha sifuri, kisima kinahama mita 620. Kwa kasi ya mita 2,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi, hizo ni milisekunde 620. Hakuna kuvutavuta logi (vipimo vilivyorekodiwa ndani ya kisima) kutakakoponya hapo. Soma ripoti ya uchakataji, andika kimo chake, kisha andika kimo cha meza ya mtambo wa kuchimba, ambapo kina cha kisima kilianza kupimwa. Ni vitu viwili tofauti.

Kuoanisha kisima na sesimiki kumetengenezwa vizuri sana. Unaleta logi ya kasi ya sauti, logi ya densiti na vipimo vya muda kwa kina. Programu inazidisha kasi kwa densiti, inapata impidansi, inatengeneza trasi ya kubuni na kuiweka kando ya ile halisi. Anza kwa kusogeza yote kwa pamoja. Kunyoosha kipande kwa kipande hadi mfanano uongezeke ni kujidanganya: kila unaponyoosha unabadilisha kasi ya mwamba, na kasi mpya inaweza isiwe ya mchanga wala ya tope.

Kufuatilia tabaka ni kwepesi: panda mbegu chache (alama za kuanzia), acha programu ikimbie, isimamishe kwenye nyufa. Sifa za kufanana kwa trasi zinaonyesha nyufa vizuri, na Bonde la Ufa halina uhaba wa nyufa. Lakini kumbuka ukomo: wimbi la Hz 40 kwenye mwamba wenye kasi ya mita 2,400 kwa sekunde lina urefu wa mita 60, na robo yake ni 15. Kwa mchanga mwembamba kuliko hapo huoni juu na chini yake kama vitu viwili, hata rangi ziwe nzuri vipi.

Sasa ile nyota. Kugeuza sesimiki kuwa impidansi, hatua inayokusogeza kwenye kukadiria vinyweleo vya mwamba, kuko kwenye moduli za kulipia, sawa na kufuata mwinamo wa matabaka na mitandao ya neva. Bila hizo utachora umbo la hifadhi (mwamba unaobeba mafuta), si ubora wake. Na hata ukilipa, usiuze sehemu angavu kama mafuta. Gesi kidogo tu ndani ya mchanga hung'aa karibu sawa na gesi tele, ilhali mafuta mazito yenye gesi haba hufanana na maji.

Mwisho, mradi wote hukaa kwenye folda moja. Funga programu kwanza, ndipo uinakili yote kwenye diski ya nje kila jioni. Ukichukua faili la sesimiki peke yake, matabaka uliyochora hayakufuati.