UPS ndogo au inveta kwa NAS ya nyumbani Moshi?

NAS (kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani) ya diski mbili pamoja na rauta hula wati 40 hivi, kwa hiyo UPS (kifaa chenye betri ndogo kinachoshika umeme ukikatika) na inveta (inayogeuza umeme wa betri kubwa kuwa wa nyumbani) zote zinauweza mzigo. Tofauti iko kwenye mawasiliano. UPS ya VA 650 yenye tundu la USB huiarifu NAS kwamba umeme umekatika. Iweke NAS ijizime baada ya dakika 5, usisubiri kile kibetri cha 12V 7Ah kikaribie kuisha. Chukua UPS yenye AVR (kirekebisha volti). Jioni mtaa mzima wa Moshi ukipika na volti zikashuka kutoka 230 hadi 190, AVR huzipandisha bila kugusa betri. Isiyo nayo huweza kurukia betri kila mara, tak-tak hadi usiku, na betri hufa mapema.

Inveta yenye betri ya 12V 100Ah hukesha na mzigo huo, lakini nyingi hazina njia ya kuiarifu NAS: betri ikiisha, diski hukatiwa umeme zikiandika. Unayo tayari? Chomeka UPS kwenye inveta, mradi itoe wimbi safi la saini (sine), yaani umeme laini kama wa gridi. La ngazi-ngazi, UPS nyingi hulikataa.