Banda la kuku Shekilango: nyota tatu, na bawa lililovilia damu

Jogoo chotara shilingi 18,000, kuchinja na kunyonyoa 1,000. Kwa bei sina neno. Banda lipo pembeni ya barabara ya Shekilango, Dar es Salaam. Jina nalihifadhi, maana kijana anayechinja ni mchangamfu na sitaki kumharibia riziki.

Nilifika Jumamosi saa mbili asubuhi, nyumbani nasubiriwa na wageni wa pilau. Kisu chake kinakata hasa. Akapiga bismillahi, akavuta mara moja, kichwa kikabaki mkononi. Kabla hajambana vizuri, jogoo akamponyoka, akapita chini ya meza ya mama wa ndizi, akajibamiza kwenye ndoo, akarudi alikotoka.

"Madam, huyu ana jini," akaniambia, huku anarudi kinyumenyume.

Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tano, kwa hiyo pilau nikaisahau kidogo. Nikamwambia atazame miguu: kulia, kushoto, kulia. Kisha mabawa: yote mawili yanapiga kwa pamoja. Mwendo huo hautoki kichwani, kichwa si unacho wewe!

Ndani ya uti wa mgongo unapita ugwe wa neva, na humo kuna mitandao inayojua kupiga hatua yenyewe. Mwanafiziolojia Graham Brown alilionyesha hilo kwa paka mwaka 1911. Zamu ya mguu wa kushoto ikifika, glutameti, kemikali ya kuamsha, inaziamsha neva zake, na papo hapo glaisini, kemikali ya kutuliza, inavushwa upande wa pili kuunyamazisha. Kisha zamu inageuka. Kwenye ugwe wa panya maabara, ukiiziba glaisini kwa sumu ya strikinini, pande mbili zinaanza kupiga pamoja. Ubongo ukiwepo, unaamua lini kuanza na lini kutulia, na serotonini, kemikali nyingine ya neva inayoshuka kutoka shina lake, husaidia kurekebisha kasi na nguvu. Kata shingo, breki zimeondoka.

Ninalolipenda kupita yote ni jaribio la watafiti Narayanan na Hamburger la mwaka 1971. Walichukua kipande cha ugwe cha mabawani, wakakipandikiza mahali pa kile cha miguuni kwenye kiinitete cha kuku, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai. Miguu ikawa inapiga kwa pamoja, kama inataka kuruka angani!

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nataka na utumbo.

Mashine yao ya kunyonyolea ni nzuri, sikukuta hata kishina cha unyoya. Firigisi imesafishwa vizuri. Ila nyumbani, kwenye sinki, nikaona bawa la kushoto limevunjika na nyama ya kifua upande huo imevilia damu, nyeusi kama zambarau. Hapo ndipo nyota mbili zilipokwenda. Kuku atapiga mabawa hata awe hana kichwa, hilo huwezi kumzuia. Unachoweza ni kumnyima nafasi ya kuyakunjua.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea dumu la lita tano nililolikata kitako na kuupanua mdomo. Akaligongomea nguzoni kwa misumari miwili, akamtumbukiza kuku wa mteja mwingine kichwa chini, akamchinja humo humo. Mabawa yakabaki kimya humo ndani. Juu ilitokeza miguu tu, ikipiga hatua hewani, kulia, kushoto, na mteja keshatoa simu anarekodi.